Kupanga wimbo kwa kodiani: mwongozo kamili kuanzia pumzi ya maneno hadi mkono wa kushoto

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweza kuvuta na kubana mivukuto bila sauti kukatika, na anapiga nyimbo mbili tatu rahisi kwa mikono yote miwili. Sasa anataka kuuchukua wimbo anaoujua kwa sikio, uwe wa taarab, wa dansi, wa harusi au wa ngoma ya kwao, na kuupanga mpaka usimame wenyewe bila bendi nyuma yake. Nimechukulia kwamba una kodiani ya vibao, yaani yenye vibao kama vya piano upande wa kulia na vitufe vya besi upande wa kushoto.

Kodiani ilipewa hataza Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyril Demian, lakini kwetu imekaa muda mrefu kiasi cha kuwa na kazi zake za kienyeji, na kazi hizo ni tatu. Unguja, kwenye vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza 1958, kodiani hukaa pamoja na fidla, udi na ganuni, nayo kazi yake ni kumfuata mwimbaji na kumjibu. Kwa Wakikuyu wa Kenya, katika mwomboko, kodiani hubeba ngoma nzima ikisaidiwa na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Na Kongo, mpiga kodiani Camille Feruzi alionyesha kwamba chombo hiki kinaweza kuongoza rumba mahali ambapo wengine wangeweka gitaa. Kabla hujagusa kibao chochote, amua wimbo wako unataka kazi ipi kati ya hizo: kumwimbia msikilizaji, kumchezesha, au kusokota gitaa mbili tatu katika chombo kimoja. Jibu lako ndilo litakaloamua mkono wa kushoto ufanye nini.

Nalisema mapema jambo ninaloliamini kuliko yote yaliyomo humu. Wapangaji wengi huanza na kodi, yaani makundi ya noti zinazolia pamoja. Wanatafuta C, F na G, wanazipanga kushoto, kisha wanaulazimisha wimbo ukae juu yake. Kinanda cha umeme kitakuvumilia ukifanya hivyo, kwa sababu hakina pumzi. Kodiani inayo. Kila noti yake hutoka kwa upepo unaovutwa au kubanwa, na kila mara mivukuto inapogeuka, msikilizaji anasikia hata kama hajui anachokisikia. Kwa hiyo mpangilio uende hivi: maneno, upepo, melodi, besi, na kodi mwishoni kabisa.

Kijue chombo chako kabla ya wimbo

Upande wa kulia hauna mengi. Kodiani ya vibao 41 huanzia F iliyo chini ya C ya kati. Ya vibao 34 huanzia G. Hakikisha tu kwamba noti ya chini kabisa ya wimbo wako ipo, na kwamba chini yake kuna nafasi ya sauti ya pili.

Kushoto ndiko watu wanakopotea. Kodiani nyingi zina mfumo uitwao Stradella, kwa jina la mji wa Italia. Una safu ndefu sita. Ukihesabu kutoka kwenye mivukuto kwenda nje, safu ya kwanza ni besi ya tatu (noti ya tatu ukihesabu kupanda kutoka besi kuu), ya pili ni besi kuu, kisha kodi za meja, za maina, za saba, na za diminishi. Vitufe vimepangwa kwa mshazari, na kila mshazari una noti yake. Mshazari wa C, ambao besi yake kuu ina kishimo au kijiwe cha kuupapasa kwa kidole, una E, C, C meja, C maina, C ya saba na C diminishi. Panda mshazari mmoja kuelekea kidevuni, umefika G. Shuka mmoja, umefika F. Kwa kuwa mpangilio huu haubadiliki, wimbo uliojifunza kwenye C utaupiga kwenye D kwa mwendo uleule wa vidole, mishazari miwili juu. Ndiyo maana wapiga kodiani hawaogopi kubadili ufunguo kama wapiga piano, angalau kwa mkono wa kushoto.

Kodiani ya besi 120 ina mishazari 20, ya besi 72 ina 12, na ya besi 48 ina 8 tu, kwa kawaida kuanzia E flati hadi E. Ukiwa na ya besi 48, usipange wimbo kwenye E maina: utahitaji B ya saba na mshazari wa B haupo. A maina na D maina zitakutosha.

Kuna jambo ambalo anayejifunza peke yake huchelewa kuligundua. Kitufe cha kodi ya saba kina noti tatu tu, si nne. Ukibonyeza E ya saba, zinalia E, G shapu na D. Noti ya tano, yaani B, imeachwa kwa makusudi. Diminishi nayo ni ya noti tatu. Tena kodi zote zimefungwa ndani ya oktava moja, kwa hiyo huwezi kuchagua noti ipi ilie juu na ipi chini. Hili lisikukatishe tamaa. Noti inayokosekana utaitoa kwa mkono wa kulia, na sura ya kodi utaibadilisha kwa kubadili besi iliyo chini yake. Nitaonyesha hapa chini.

Chagua wimbo unaovumilia upepo

Nyimbo zinazokaa vizuri ni zile zenye noti ndefu, zenye masafa ya oktava moja au kuzidi kidogo, na zenye mahali dhahiri pa mwimbaji kupumua. Taarab asilia inafaa sana kwa sababu hizo zote. Nyimbo za harusi na za kubembeleza watoto zinafaa. Tenzi za kanisani zinafaa pia, ila zimeshapangwa kwa sauti nne na huna kazi kubwa ya kufanya.

Sebene ni ngumu. Uzuri wake uko kwenye gitaa mbili zinazopishana kwa noti fupi zinazojirudia, na noti moja inayorudiwa haraka kwenye kodiani huchoka upesi sikioni. Ukipenda wimbo wa dansi, chukua sehemu yake ya kuimbwa, na kwenye sebene chagua gitaa moja tu, ile unayojikuta ukiifuata kwa mdomo.

Andika maneno, hesabu mizani, weka alama za upepo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Hata kama hakuna atakayeimba, andika maneno ya wimbo wote kwenye karatasi. Nyimbo nyingi za pwani zimejengwa juu ya shairi: mshororo wa mizani 16 uliokatwa katikati, mizani 8 kila kipande, na kina mwishoni mwa kila kipande. Mtunzi wa shairi ameshakufanyia nusu ya kazi. Amekuonyesha mahali pa kugeuza mivukuto.

Tuchukue mishororo miwili niliyoitunga kwa ajili ya mwongozo huu:

Mpenzi nimekungoja, hadi jua limezama,
Mashua zilizokuja, hamna aliyesema.

Kina cha kati ni *ja*, cha mwisho ni *ma*. Weka alama ya kuvuta (mshale unaotazama nje) juu ya "Mpenzi", na alama ya kubana (mshale unaotazama ndani) juu ya "hadi". Basi, ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) unavuta, utao (kipande cha pili) unabana. Mshororo wa pili unaanza tena kwa kuvuta. Ukiushika utaratibu huu ubeti mzima, mkono wa kushoto utageuka bila wewe kufikiri, na kila mgeuko utaangukia pale ambapo hata mwimbaji angepumua.

Kama wimbo ni wa polepole mno na upepo hautoshi kipande kizima, geuza kati ya neno na neno: *Mpenzi | nimekungoja*. Usigeuze kamwe ndani ya neno. *Nimeku-ngoja* ikikatwa kwa upepo, melodi inasikika imevunjika, na mpigaji hubaki akitafuta kosa kwenye vidole wakati vidole havina kosa.

Sasa angalia mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nime-ku-NGO-ja, lime-ZA-ma. Lakini waimbaji wa taarab hupenda kuivuta silabi ya mwisho, ile yenye kina. Kuna mambo mawili tofauti hapo, na kodiani inaweza kuyafanya yote: *ngo* ipewe nguvu kwa kuongeza msukumo wa mivukuto kidogo, *ja* ipewe urefu kwa kuiacha ilie huku msukumo ukipungua. Ukifanya kinyume, yaani ukiisukuma *ja*, wimbo utasikika kama umeimbwa na mtu asiyejua lugha. Piga kipande hicho mara kadhaa kwa noti moja tu, bila melodi, ukiisikiliza nguvu ya mivukuto peke yake. Zoezi hilo ni la kuchosha, lakini sijaona lingine linaloleta faida kubwa kama hiyo kwa muda mfupi.

Itoe melodi kwa solfa

Sasa melodi. Waliopitia kwaya wana silaha tayari: solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa herufi za mwanzo za do, re, mi, ambapo alama ' ni ya oktava ya juu. Andika melodi kwa d r m f s l t chini ya silabi, silabi moja noti moja, bila pambo lolote. Mwimbaji unayemsikiliza ataweka vibrato, atateleza, ataongeza noti nne juu ya silabi moja. Vyote hivyo ni vyake. Wewe tafuta mifupa.

Kwa mfano wetu, tukichukulia *l* ni A (yaani tuko A maina), kipande cha kwanza ni

m l l t d' t l t

na cha pili ni

t t r' d' t l se l

*Se* ni *s* iliyopandishwa nusu, yaani G shapu. Iimbe mwenyewe kwanza. Kama huwezi kuimba ulichokiandika, hujakiandika sawasawa.

Mapambo utayarudisha baadaye, lakini yawe ya kodiani. Noti fupi ya pembeni inayogusa kibao cha jirani kabla ya noti yenyewe inakaa vizuri. Kutelezesha sauti kutoka noti moja hadi nyingine kama fidla hakuwezekani, na kuiga hilo kwa kukimbiza vibao vyote vya katikati huchafua wimbo.

Ukikutana na robo toni

Taarab imekulia kwenye makamu za Kiarabu, yaani ngazi za noti, na baadhi ya makamu hizo zina noti zilizo katikati ya vibao viwili vya kodiani, ziitwazo robo toni. Nahawandi, Hijazi, Kurdi na Ajamu zinapigika kwenye kodiani ya kawaida. Rasti, Bayati, Saba na Sika zina robo toni. Kule Misri wapo wapigaji waliorekebishiwa vilimi (vipande vyembamba vinavyotoa sauti) vya kodiani zao ili vitoe robo toni, lakini ukifanya hivyo umejifungia nje ya nyimbo nyingine.

Ushauri wangu kwa wimbo wa Bayati au Rasti ni huu. Mahali penye robo toni, ondoa kodi kabisa kushoto na ubaki na besi peke yake. Kodi ya meja au maina inamlazimisha msikilizaji kusikia noti ile kuwa ya juu au ya chini, na hapo ndipo ladha inapokufa. Kulia, chagua kibao cha juu melodi ikipanda na cha chini ikishuka, kipite haraka. Na kama unapiga na mwimbaji au fidla, nyamaza kabisa kwenye noti hiyo, umwachie yeye. Nyimbo ambazo robo toni ndiyo noti zinakotulia, ambazo kila mstari unaishia hapo, mimi siziweki kwenye kodiani ya peke yake.

Hijazi ni zawadi kwa chombo hiki. Kwenye D ni D, E flati, F shapu, G, A. Tatizo lake liko kushoto: besi ya E flati iko mishazari mitano chini ya D. Kwenye kodiani ya besi 72 au 120 kuna njia fupi. Besi ya tatu ya mshazari wa B ni noti ileile, nayo iko mishazari mitatu tu juu ya D. Ijaribu kwa kidole cha shahada kikiwa kwenye besi hiyo ya tatu na kidole kidogo kikiwa kwenye D, uone kama mkono wako unafika bila kukaza.

Besi kabla ya kodi

Piga melodi kulia na besi moja moja kushoto, bila kodi hata moja. Ukiona wimbo unasimama hivyo, tayari una mpangilio mzuri na kodi zitakuwa za kuongeza ladha. Ukiona hausimami, kodi hazitauokoa.

Kwa mfano wetu: chini ya *m l l t d' t l* weka A. Kwenye *t* ya mwisho, silabi *ja*, usiende kwenye E, ingawa ndiyo besi ya kawaida ya hapo. Nenda G shapu, ambayo ni besi ya tatu ya mshazari wa E, jirani kabisa na A. Besi inashuka nusu hatua, A hadi G shapu, na kina cha kati kinapata huzuni inayostahili mtu anayengoja. Sasa ongeza kodi ya E ya saba juu yake. Kumbuka kitufe hicho hakina B. Melodi yako iko wapi wakati huo? Kwenye *t*, yaani B. Kodi imekamilika, na kila noti ina mahali pake.

Kwenye utao, *t t r'* ibaki na E ya saba, safari hii besi ikiwa E yenyewe. *D' t l* rudi A maina. *Se* iwe E ya saba tena, na hapa usitumie besi ya G shapu, kwa sababu melodi tayari iko kwenye G shapu na noti hiyo inayovuta kuelekea A haipendezi ikilia juu na chini kwa pamoja. *L* ya mwisho, A maina.

Kwa nyimbo zenye kodi nzito zaidi kuliko vitufe vyako, changanya besi ya mshazari mmoja na kodi ya mwingine. Besi ya A na C meja hutoa A maina ya saba. Besi ya D na F meja hutoa D maina ya saba. Besi ya C na E maina hutoa ile C laini yenye B ndani yake, ambayo wapiga gitaa wa rumba wanaipenda. Besi ya G na F meja hutoa kodi inayoning'inia kabla ya kurudi C, nzuri sana mwishoni mwa kiitikio. Besi ya B na D maina hutoa kodi ya huzuni inayoelekea A maina kupitia E ya saba. Michanganyiko hii mitano inatosha nyimbo nyingi za zamani za dansi.

Kuhusu mapigo: ule mwendo wa besi-kodi-besi-kodi tuliofundishwa sote mwanzoni huua wimbo wa kwetu, unaugeuza kuwa wa gwaride. Kwa bolero na rumba hesabu nane, besi ilie kwenye 1, kodi kwenye 4 na kwenye 7. Hesabu kwa sauti: *moja* mbili tatu *nne* tano sita *saba* nane. Besi iachwe ilie kidogo. Kodi iguswe na kuachiwa papo hapo. Duru ya pili, besi ya 1 iwe noti ya tano, mshazari mmoja juu. Kama kazi ya wimbo wako ni kumwimbia msikilizaji, hata hayo ni mengi: besi moja ndefu kwa kila kipande inatosha ubeti wa kwanza wote.

Na mkono wa kushoto upige kwa wepesi siku zote. Upepo ni mmoja kwa pande zote mbili. Huwezi kupunguza sauti ya kushoto bila kupunguza ya kulia. Njia pekee ya kuipunguza ni kufupisha noti.

Mkono wa kulia: sauti ya pili na majibu

Ubeti wa kwanza, sauti moja. Nasisitiza hili kwa sababu kishawishi cha kujaza ni kikubwa. Msikilizaji anahitaji kuujua wimbo kabla hujaupamba.

Kwenye kiitikio ongeza sauti ya pili chini ya melodi, kama alto wa kwaya. Umbali wa tatu ndio wa kuanzia, lakini usiufuate kwa upofu. Kwenye mfano wetu, chini ya *d'* weka *l*, chini ya *t* yenye kodi ya E weka *se*, lakini chini ya *l* yenye A maina usiweke *f*, ingawa ndiyo ya umbali wa tatu: F itagombana na E iliyomo kwenye kodi. Weka *m*. Kanuni yangu ni kwamba noti ndefu za sauti ya pili zitoke ndani ya kodi, na noti fupi zipite popote.

Nyimbo za ngoma za bara zinataka tahadhari nyingine. Ukichukua wimbo wa Wagogo wa Dodoma, kwa mfano, utakuta sauti ya pili mara nyingi iko umbali wa nne au wa tano, wala si wa tatu. Ukiuwekea alto wa kwaya umeuhamisha nyumbani kwake. Sikiliza wanaoimba wenyewe, andika sauti zao zote mbili, na kushoto shikilia besi moja bila kodi. Palipo na ngoma, mapigo yaweke kwenye besi fupi kavu. Kutikisa mivukuto haraka ili kuiga mtetemo wa ngoma kunapendeza mara moja ndani ya wimbo mzima, basi.

Kisha majibu. Kwenye taarab, mwimbaji akimaliza kipande, ala zinamjibu. Ukiwa peke yako wewe ndiwe mwimbaji na ndiwe kikundi, kwa hiyo msikilizaji lazima asikie kwamba anayeongea amebadilika. Jibu lilie oktava nyingine, au kwa swichi nyingine ya sauti, na liwe fupi. Baada ya *ja* katika mfano wetu, *m' r' d' t* inatosha, nayo inakuacha kwenye noti ileile inayoanza utao. Usigeuze mivukuto kwa ajili ya jibu. Limalizie kwa upepo uliobaki wa ukwapi, ndipo ubane kwa "hadi jua". Ukianza kugeuza kwa kila jibu fupi, mivukuto itazidi kutanuka kila mstari na kufikia ubeti wa pili mkono umenyooka na huna pa kuvuta. Ziada ya upepo ikikusanyika, iondoe kwa kitufe cha hewa kati ya beti.

Swichi, kwa ufupi: sauti moja ya kati kwa ubeti, sauti nzito ya chini kwa wimbo wa sauti ya kiume, sauti mbili za oktava tofauti kwa kiitikio. Ile swichi ya sauti inayotetemeka, ambayo vilimi viwili vimetofautishwa kidogo makusudi, iache kwa nyimbo za kuchezwa. Ukiiweka karibu na fidla, hakuna atakayejua noti yenyewe iko wapi.

Umbo la wimbo mzima

Beti nyingi za taarab ni za mistari mitatu, na wimbo una beti kadhaa zenye melodi ileile. Ukizipiga zote sawa, msikilizaji atachoka ubeti wa pili. Mpango ninaoupenda ni huu: utangulizi mfupi uliotolewa kwenye kiitikio, ubeti wa kwanza sauti moja na besi ndefu, kiitikio chenye sauti ya pili na mapigo, ubeti wa pili melodi ikishushwa oktava moja chini, majibu yakiwa juu, kiitikio, ubeti wa tatu bila mkono wa kushoto kabisa mpaka mstari wa mwisho, kisha kiitikio cha kufunga kwa nguvu zote. Ubeti usio na mkono wa kushoto huwashangaza watu, na kimya kile cha chini ndicho kinachokipa kiitikio cha mwisho uzito.

Jaribu kwa mtu anayeujua wimbo

Rekodi kwa simu, lakini simu ikae upande wa pili wa chumba. Ukiiweka mezani mbele yako itasikia vitufe vikigonga kuliko muziki. Kisha mpigie mtu anayeyajua maneno na umwombe aimbe taratibu juu ya rekodi. Mtazame. Akiishiwa pumzi, umevirefusha vipande. Akikusubiri, majibu yako ni marefu. Akipotea kabisa kwenye kiitikio, sauti yako ya pili imeifunika melodi, na mara nyingi dawa ni kuishusha au kuiondoa kwenye nusu ya kwanza ya mstari.

Kama wimbo una mtunzi anayejulikana na unakusudia kuurekodi au kuupiga kwa malipo, tafuta ruhusa. Kupanga upya kazi ya mtu ni haki yake mwenyewe au warithi wake. Anzia kwenye taasisi ya hakimiliki: Tanzania Bara COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO.

Mpangilio ukishasimama peke yake, kuutumia kumsindikiza mwimbaji ni kazi ya kupunguza. Toa melodi yote kwenye beti, bakiza besi, kodi za 4 na 7, na majibu. Kwenye kiitikio rudisha sauti ya pili tu, ile ya chini, bila melodi, ili yeye awe juu na wewe uwe alto wake. Ufunguo uchague kwa koo lake: hamisha mishazari kushoto kadiri anavyohitaji, kulia ujifunze upya vidole, na alama za upepo ulizoandika juu ya maneno zibaki palepale.